Kochi la Bure, Godoro la Dola 147: Kisa cha Mwalimu Aliyepanga Chumba Kitupu Madison

Kisa hiki ni cha mwalimu wa Kiswahili kutoka mji mmoja wa pwani ya Tanzania, aliyekwenda kufundisha mwaka mmoja wa masomo Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwenyewe ameridhia kisimuliwe. Jina lake, mwaka, mtaa na mahali alipofundisha nimeviondoa, na fedha nimezitaja kwa dola nzima bila senti. Mji nimeutaja kwa makusudi, kwa sababu bila kalenda ya Madison hakieleweki.

Nakiandika kwa ajili ya walimu wanaofunga mizigo. Kila mwaka wapo Watanzania na Wakenya wanaokwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani, wengine kupitia mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, wengine kwa mikataba yao wenyewe. Maswali yao huwa ya viza, posho na baridi. La chumba hukumbukwa mtu akiwa ameshasimama katikati ya sakafu tupu, ufunguo mkononi, na hana hata pa kuweka kikombe.

Usuli

Mwalimu alikuwa na familia nyumbani inayomtegemea, kwa hiyo kila dola aliyotumia Madison ilikuwa dola isiyokwenda kwenye ada ya watoto. Kazi yake ilikuwa ya miezi kumi, katikati ya Agosti hadi katikati ya Juni. Ukiacha kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwenye nyumba, alikuwa ametenga dola 600 za kuweka chumba sawa. Mshahara wa kwanza ulikuwa uingie mwisho wa Septemba, kwa hiyo hizo 600 zilikuwa ndizo zote, hakukuwa na nyongeza.

Kabla ya kuondoka alikuwa na njia mbili mezani. Ya kwanza ni chumba chenye samani karibu na chuo, ambacho kodi yake ilizidi ya vyumba vitupu kwa dola 150 kwa mwezi. Ya pili ni chumba kitupu cha aina ile ambayo kulala, kupika na kusoma vyote hufanyika ndani ya kuta nne, na bafu pembeni. Kwa miezi kumi, samani za mwenye nyumba zingemgharimu dola 1,500, na mwishoni asibaki hata na kijiko. Akachagua kitupu, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti.

Mkataba ulikuwa wa miezi 12, kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 14 Agosti ya mwaka unaofuata. Hapo ndipo Madison inapotofautiana na miji mingi. Sehemu kubwa ya mikataba ya vyumba vya karibu na chuo huisha saa sita mchana tarehe 14 Agosti, na mipya huanza mchana wa tarehe 15. Kwa usiku mmoja maelfu ya wapangaji hawana kwao. Waliohama hawana muda wala gari la kubeba kila kitu, basi huacha kando ya barabara meza, rafu, viti, makochi, magodoro, televisheni, hata vyakula vya makopo. Wenyeji huziita siku hizo Krismasi ya mahipi. Watu huzunguka na mikokoteni na magari ya kuazima wakiokota, na malori ya manispaa hupita nyuma yao kuzoa kinachobaki.

Chumba kilivyokuwa

Nyumbani, ukiambiwa chumba hakina kitu, hakina kitu kweli: jiko lako, friji yako, kabati lako. Mwalimu alikuwa ameshapiga hesabu ya friji ndogo. Alipofungua mlango alikuta friji kubwa, jiko la umeme la plate nne lenye oveni, na kabati la nguo lililojengwa ukutani. Ndivyo vyumba vingi vya Marekani vilivyo, na kujua hilo mapema kunaokoa fedha na wasiwasi.

Kilichokosekana hakukitarajia. Jioni alipobonyeza swichi ya ukutani, giza likabaki vilevile. Akabonyeza tena. Akainua macho kwenye dari na kukuta hakuna taa, wala waya, wala alama kwamba taa iliwahi kuwepo. Katika majengo mengi ya kule swichi ya chumbani haiwashi taa ya dari, inapeleka umeme kwenye tundu moja la soketi chini ukutani, na taa ya kusimama ni mali ya mpangaji. Usiku wa kwanza alifungua masanduku kwa mwanga wa bafuni.

Jambo jingine lilikuwa la umeme wenyewe. Alikuja na birika la umeme kutoka nyumbani. Umeme wa Marekani ni volti 120 na wetu ni 230, na nguvu ya birika hupungua kwa kasi kuliko volti zinavyopungua. Hata baada ya kupata adapta ya plagi, birika lile lilikuwa likifanya kazi kwa kiasi cha robo tu ya uwezo wake. Maji ya chai yalichukua karibu nusu saa. Adapta hubadilisha umbo la plagi, haibadilishi volti. Pasi, birika na blenda viachwe nyumbani.

Mfuatano wa mambo

Mwalimu aliwasili siku chache kabla ya tarehe 15 akapokewa na mama mmoja wa Kitanzania anayeishi kule miaka mingi, aliyempa kitanda mpaka siku ya ufunguo. Pale ndipo alipoandika orodha yake. Hakuandika majina ya samani kwanza, aliandika kazi: kulala, kuandaa vipindi na kusahihisha, kupika, kupokea wageni. Chini ya kila kazi akaandika kitu kimoja ambacho bila hicho kazi haifanyiki. Godoro. Meza, kiti na taa. Sufuria na kisu. Chini ya wageni akaandika kochi, akapigia mstari.

Tarehe 14 jioni alitoka na wenzake wawili, mmoja wao mwanafunzi Mkenya aliyekuwa ameshakaa mji ule mwaka mzima. Mitaa ilikuwa imejaa. Walipata meza ya mbao nzito yenye miguu ya chuma, rafu ya vitabu, na ndoo mbili. Wakavihifadhi barazani kwa rafiki hadi kesho yake. Meza ilimtia mashaka Mwalimu kwa sababu ya ngazi za jengo lake, ambazo alikuwa ameziona alipokwenda kutazama mlango. Hakuwa na futi ya kupimia. Alikuwa amezipima kwa shibiri pale zinapokata kona, akaipima na meza kwa shibiri hizohizo, akaona haipiti mpaka ing'olewe miguu. Mkenya akatafuta spana. Kazi ya dakika kumi pale chini iliwaepusha na kukwama katikati ya ghorofa ya pili.

Kochi walilipata jua likiwa limeshazama. La watu wawili, kitambaa cha kijivu, halina doa wala chemchemi iliyochomoza. Mwalimu alisita. Mwenzake akamwambia, "Dada, tukiliacha hatulikuti. Ukigeuka tu kuna mwingine." Na kweli, upande wa pili wa barabara kulikuwa na vijana wawili waliosimama wakilitazama. Wakalibonyeza mito, wakalinusa, wakalibeba.

Kesho yake, vitu vikiwa ndani, alimpigia mama yule simu ya video kumwonyesha chumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Hilo kochi mmelitoa wapi?"

"Barabarani, mama. Zima kabisa, tumelikagua."

"Mmelipindua?"

Hawakulipindua. Akaahidi kulipindua kesho. Kesho kulikuwa na semina ya walimu wapya, na kesho kutwa vilevile, na wiki iliyofuata madarasa yakaanza.

Godoro alikuwa ameliagiza jipya, la sponji, lile linalokuja limebanwa na kuviringishwa ndani ya boksi. Lilichelewa siku tatu. Siku hizo alilala juu ya mkeka wa ukindu, ambao alikuja nao kama kifaa cha kufundishia, pamoja na doti kadhaa za khanga, akijifunika blanketi.

Mwishoni mwa Agosti alianza kuamka na vipele mkononi, vitatu vitatu kwa mstari. Madison imekaa kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona, na kiangazi mbu ni wengi, basi akalaumu mbu. Akanunua dawa ya kujipaka. Wiki nyingine ikapita. Usiku mmoja akisahihisha kazi za wanafunzi akiwa ameketi kwenye kochi, aliona mdudu bapa wa rangi ya kahawia akitambaa kwenye karatasi. Aliyelala bweni nyumbani hahitaji kuambiwa ni mdudu gani.

Akalipindua kochi usiku uleule. Chini kulikuwa na kitambaa chepesi cheusi kilichobanwa kwa pini za chuma kwenye mbao. Akang'oa pini za kona moja kwa ncha ya kisu, akamulika kwa tochi ya simu. Kandokando ya mshono kulikuwa na vidoti vyeusi kama mtu aliyegusisha ncha ya kalamu ya wino mara nyingi. Akapangusa kimoja kwa karatasi yenye maji, kikaacha mchirizi wa rangi ya kutu. Ndani ya matundu ya skrubu kulikuwa na maganda makavu, meupe meupe, yenye umbo kamili la mdudu. Na wenyewe walikuwepo.

Siku mbili za kwanza hakumwambia mtu. Alinunua dawa ya kupuliza, akapuliza. Wakaonekana mahali pengine, nyuma ya ubao wa ukuta. Mama yule alipopata habari alimwambia aandikie ofisi ya jengo usiku huohuo, aambatishe picha, na asibadilishe neno hata moja la ukweli. Aliandika. Baada ya siku mbili kampuni ya kuua wadudu ikaja na mashine za joto.

Maandalizi yalikuwa mazito kuliko tiba. Nguo zote, shuka, khanga, mapazia, hata begi la shule, viliingia kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa, vikashuka ghorofa tatu hadi kwenye mashine za kufulia za kulipia sarafu, vikazungushwa kwenye mashine ya kukaushia kwa moto wa juu nusu saa na zaidi kila mzigo, vikarudi kwenye mifuko mipya. Chumba chenyewe kilipashwa joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Kochi lilishushwa. Kabla ya kuliacha kwenye taka, Mwalimu na Mkenya walilichana kitambaa kwa kisu na kuandika juu yake kwa kalamu nene kwamba lina kunguni, ili asije mtu mwingine akalibeba.

Maamuzi na sababu zake

Godoro jipya ndilo uamuzi uliofikiriwa zaidi, na nadhani ndilo lililomwokoa. Wenzake walimcheka kwa kutoa dola 147 wakati barabara nzima ina magodoro. Sababu yake ilikuwa rahisi: vingine vyote ataviosha au atavipangusa, godoro halioshwi. Alichagua la mtu mmoja, ambalo Marekani ni inchi 38 kwa 75, kwa sababu ya nafasi, na kwa sababu shuka alizokuja nazo za kitanda cha futi tano kwa sita zingetosha kulifunika na kukunjwa chini. Angenunua lile la watu wawili la inchi 60 kwa 80, shuka hizo zisingetosha, maana futi sita zetu ni inchi 72 tu na godoro lile linazizidi kwa inchi nane. Bei kwenye tangazo ilikuwa dola 139. Kodi ya mauzo, asilimia 5.5 pale Madison, huongezwa wakati wa kulipa, haimo kwenye bei iliyoandikwa, na mgeni mwenye bajeti ya kubana ajue hivyo kwa kila kitu.

Kiti alikifuata kwenye duka la Chuo Kikuu cha Wisconsin linalouza vifaa vilivyotumika vya ofisi, linalojulikana kama SWAP. Kiti cha magurudumu chenye mgongo wa kuegemea kilimgharimu dola 15. Mwalimu anayesahihisha saa tatu kila usiku anahitaji kiti kuliko anavyohitaji kabati, na ofisi za umma hununua viti imara. Taa mbili, sufuria, sahani na birika la volti 120 vilitoka kwenye maduka ya hisani. Mapazia na shuka za ziada zilitoka kwenye duka la mtakatifu Vincent wa Paulo linalouza kwa uzani: unachagua kwenye mabeseni, unapima, unalipa. Mtu aliyezoea kuchambua mitumba Karume au Kongowea atajiona yuko kwao.

Kochi lilichukuliwa kwa sababu tatu, na zote zinaeleweka. Muda ulikuwa umebana. Bei ilikuwa sifuri. Na Mwalimu alikuwa akiona haya kumkaribisha mgeni mahali pasipo na kiti cha heshima. Hiyo ya tatu ndiyo iliyopiga mstari kwenye orodha tangu mwanzo. Sebule kwetu ni uso wa nyumba, hata kama nyumba yenyewe ni chumba kimoja.

Kukaa kimya siku mbili kulitokana na haya pia. Bwenini kunguni huhesabiwa kuwa uchafu wa mtu. Aliogopa kwamba ofisi ingemwona mchafu, pengine imtoe.

Matokeo

Hesabu yake aliiandika yote, nami naiweka kama alivyonipa.

Godoro pamoja na kodi, dola 147. Kitanda cha chuma kilichotumika, alichonunua kwa mwanafunzi aliyekuwa akihama, 25. Kiti 15. Taa na balbu 20. Vyombo vya jikoni 38. Mapazia na shuka 12. Blanketi nene jipya 40. Vitu vya bafuni na vya usafi 30. Kuchangia gari la kubebea 35. Meza na rafu, bure. Jumla dola 362, na chumba kilikuwa kinakalika.

Kochi la bure lilikula dola 243: mfuko wa zipu wa kufunika godoro 35, mashine za kukaushia 28, na 180 ambazo ofisi ilimtoza kama sehemu ya gharama ya tiba, kwa kuwa wadudu waliingia na samani aliyoileta mwenyewe. Jumla kuu 605. Zile 600 zilipitwa kwa dola tano, na kitu kilichokula fedha nyingi kuliko vyote hakikuwemo tena chumbani.

Alipoondoka Juni, mkataba ulikuwa umebakiza miezi miwili. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba alipata mwanafunzi wa kushika chumba mpaka Agosti, lakini kiangazi mji wa chuo huwa mtupu na vyumba huwa vingi, kwa hiyo mwanafunzi alilipa pungufu ya kodi kwa dola 120 kila mwezi. Pengo hilo la 240 lilimwangukia Mwalimu. Mwanafunzi huyohuyo alinunua kitanda, godoro, meza, kiti na taa kwa dola 90.

Kwa hiyo ukilinganisha na chumba chenye samani: angelipa 1,500 za ziada. Alilipa 605, akarudishiwa 90, akapoteza 240 kwenye miezi miwili ya mwisho. Ni dola 755. Alibakiwa na dola 745, na kama si kochi angebakiwa na 988.

Uchambuzi

Orodha ya kazi badala ya orodha ya samani ilifanya kazi vizuri sana, isipokuwa kwenye mstari mmoja. Kwa kulala, kufundisha na kupika, kila kitu alichonunua kilitumika kila siku hadi mwisho. Kwa wageni, aliandika kitu kabla ya kuuliza wageni wake watakuwa nani. Wakawa wanafunzi wake. Baada ya kochi kuondoka hakununua lingine. Alitandika mkeka, akaweka mito miwili iliyofungwa khanga, na Ijumaa jioni wanafunzi walikuja kunywa chai ya tangawizi na maandazi wakijifunza mazungumzo. Wao waliona ndiyo namna inayopasa. Mkeka ule ulikuwa ndani ya sanduku lake tangu siku ya kwanza.

Jambo ninalotaka walimu walishike zaidi ni dhana iliyotangulia kochi. Mwalimu huyu anawajua kunguni. Angeliona kochi hilohilo nyumbani limetupwa barabarani, asingeligusa. Madison alilibeba kwa sababu moyoni aliamini kunguni ni wa kwetu, kule hawapo. Ukweli ni kwamba Marekani walikuwa karibu kutokomezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, DDT ilipotumika sana, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamerudi kwa wingi, wengi wao wakiwa sugu kwa dawa za kawaida za kupuliza. Ndiyo maana dawa aliyonunua dukani iliwatawanya tu, na ndiyo maana kampuni ilikuja na joto. Mji unaobadilishana samani kwa maelfu katika usiku mmoja ni mji unaobadilishana na wadudu wake. Hawaambukizi ugonjwa unaojulikana, lakini wanakula usingizi, na mwalimu asiyelala hafundishi.

Ujuzi wa mitumba ulimsaidia kwenye nguo na ukampotosha kwenye kochi. Anayechambua mitumba hutazama kinachoonekana: mshono uliofumuka, doa, zipu iliyokufa. Nguo ikitoka hapo inafuliwa. Kochi hasara yake iko chini na ndani, na hakuna beseni la kulilowekea. Isitoshe, kwetu samani ni kitu cha kuchongesha kwa fundi, pale Keko au kwa seremala wa mtaani, kikae miaka na kirithiwe, hivyo si wengi kati yetu waliojifunza kukagua kochi la mtu mwingine. Ukaguzi unaotakiwa si mgumu. Ufanyike mchana. Kochi lipinduliwe, kitambaa cha chini king'olewe kona moja, mishono na matundu ya skrubu yamulikwe, doti jeusi lipanguswe kwa kitu chenye maji. Kama hakuna mwanga wa kufanya hivyo, kochi liachwe, hata kama vijana wawili wamesimama ng'ambo ya barabara. Meza, rafu na kiti cha plastiki havina pa kujificha pengi, hupanguswa na kuisha, na kwa vitu kama hivyo usiku ule wa Agosti ni neema kubwa.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa kuokota kabisa, na kwamba angenunua kila kitu dukani. Sikubaliani nao. Meza na rafu vilimwokolea fedha nyingi bila madhara yoyote. Lililokosekana ni mpaka kati ya kigumu na chenye kitambaa, na mpaka huo yeye mwenyewe alikuwa ameshauweka alipokataa magodoro ya barabarani. Hoja aliyoitumia kwa godoro ilikuwa inalihusu kochi neno kwa neno. Rahisi huvunja upishi, na hapa upishi ulivunjwa na kitu kimoja kati ya kumi na kitu.

Kuchelewa kuripoti kuliongeza kazi, ingawa si sana. Angenyamaza wiki mbili zaidi, wadudu wangevuka ukuta kwenda kwa jirani, na mazungumzo na ofisi yangekuwa mengine. Barua pepe yenye picha na tarehe ilimlinda: hakuna aliyeweza kudai kwamba alificha. Mama yule alistahili kusikilizwa mapema. Kila mji wenye Waswahili una mtu wa namna yake, aliyekwishalipa ada ya ugeni, na swali lake moja fupi la "mmelipindua?" lilikuwa na thamani ya dola 243.

Kwa upande wa mkataba, hasara ya miezi miwili ya mwisho ilikuwa inaonekana tangu siku ya kutia saini. Ingefaa atafute mpangaji wa kiangazi mwezi wa Februari au Machi, kabla wanafunzi hawajapanga likizo zao. Alianza Mei. Samani zilimsaidia hapo, maana mtu anayetafuta chumba cha wiki nane hataki kununua kitanda, na huyo mwanafunzi alikubali kwa sababu hiyo hasa.

Limebaki la amana, ambalo watu husahau kwa sababu linakuja wakiwa wameshaondoka. Sheria ya Wisconsin inampa mpangaji siku saba tangu kuingia kujaza fomu ya hali ya chumba, na Mwalimu aliijaza yote: mkwaruzo wa sakafu, kigae kilichopasuka bafuni, kitasa kilicholegea, kila kimoja na picha. Mwenye nyumba naye anatakiwa kurudisha amana, au kueleza kwa maandishi alichokata, ndani ya siku 21 baada ya mkataba kwisha. Kwa kuwa mkataba ulikuwa unaisha tarehe 14 Agosti na yeye alikuwa ameshapanda ndege Juni, siku hizo zilihesabiwa akiwa nyumbani. Ofisi hurudisha kwa hundi inayotumwa kwa posta, na hundi ya dola iliyotumwa Tanzania ni shida kuigeuza kuwa fedha. Kabla ya kuondoka aliacha kwa maandishi anwani ya mama yule, na akaunti yake ya benki hakuifunga. Hundi ikafika kwa mama mwanzoni mwa Septemba, ikaingizwa kwenye akaunti, na kilichokatwa kilikuwa dola 20 za kusafisha oveni.